Sauti ya Tarishi Kinywani mwa Mpiga Upanga

Katika studio ile ya kutia sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni, hakuna aliyemwita mfasiri kwa jina lake. Walimwita Kiranja, tena mbele yake, kwa kuwa alikwisha kuwajulisha kwamba jina la utani halimuudhi. Kinachomuudhi ni mtu kuchelewa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mashati sita meupe na kalamu moja ya wino. Shule ya bweni ilimfundisha kutandika kitanda mpaka shuka likaze kama ngozi ya ngoma, kula asichokipenda bila kukunja uso, na kutotia sahihi chini ya jambo asilolikagua kwa macho yake mwenyewe. Mengine ya shuleni aliyasahau. Hayo matatu aliyashika, na hakuona haya kuwahubiria wengine.

Kwa miaka tisa mfululizo alikuwa akifasiri manga moja. Watu wengi wa rika lake waliviona vitabu vile vya picha kutoka Japani, visomwavyo kuanzia nyuma kuja mbele, kuwa mambo ya watoto. Kiranja hakubishana nao, aliwahurumia. Hadithi yenyewe ilihusu msichana anayetengeneza miavuli katika mji ambao mvua haikatiki, na wanaume wawili waliozoea kufika dukani kwake. Wa kwanza ni mpiga upanga, kijana wa skafu nyekundu na maneno mengi, ambaye huuvunja mwavuli wake kila wiki kwa makusudi ili apate sababu ya kuurudisha. Wa pili ni tarishi. Tarishi huleta barua, husimama kidogo mlangoni, huondoka. Juzuu nzima inaweza kwisha hajafikisha maneno thelathini. Ila katika juzuu ya saba, juu ya daraja, tarishi anafumbua kinywa na kusema yote aliyoyameza tangu juzuu ya kwanza, na katika juzuu ya kumi na nne msichana anaolewa naye.

Maneno yale ya darajani Kiranja aliyafasiri kwa siku kumi na moja. Yalikuwa sentensi nne tu. Wasomaji waliukata ukurasa ule na kuubandika ukutani, na mmoja wao aliomba usomwe harusini kwake. Kiranja hakuhudhuria harusi ile, lakini kadi ya mwaliko aliihifadhi.

Kisha ikaja anime. Watengenezaji wa huko Japani walikuwa wameichukua hadithi ya juzuu kumi na nne wakaifanya filamu ya katuni ya sehemu kumi na mbili, na studio ikapewa kazi ya kuitia sauti. Mwandishi wa skripti ya Kiswahili hakutafutwa. Angetafutwa nani mwingine? Sauti ya msichana wa miavuli ilikwenda kwa binti yake Kiranja, mwigizaji wa michezo ya redio, baada ya usaili ambao wakati wake baba mtu alitoka nje ya jengo akasimama juani hadi ulipokwisha, asije akasemwa.

Furaha yake ilidumu sehemu mbili. Msichana wa kitabuni hakuwa mtu wa kuchezewa: aliwahi kumtoa mteja dukani kwa kijiti cha mwavuli uliovunjika. Msichana wa kwenye skrini, akitaniwa, alishika mashavu akatazama chini. Katika sehemu ya tano palikuwa na mafuriko, na bibi wa jirani akabebwa mgongoni hadi mlimani. Kitabuni bibi yule alibebwa na tarishi, kurasa kumi na sita, bila neno. Katika anime alibebwa na mpiga upanga, ambaye alizungumza njia nzima. Katika sehemu ya nane msichana alizimia, akadakwa na mpiga upanga. Katika juzuu zote kumi na nne hakuwahi hata kuketi kwa uchovu.

Kiranja alipeleka malalamiko yake kwa msimamizi wa studio, mwanamke mpole wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala akichelewa.

"Kiranja, wana sehemu kumi na mbili tu," alisema msimamizi. "Wamelazimika kubana."

"Kubana nakuelewa. Mtu akibana sanduku anaacha nguo nje. Hamvishi kaka gauni la dada."

"Watu wanampenda mpiga upanga."

"Watu gani hao?"

"Mkeo, kwa mfano. Alinipa mhadhara mzima siku ile aliponiziba jino. Nilikuwa na pamba mdomoni, sikuweza hata kumpinga."

Wote waliokuwa chumbani waliinamia karatasi zao wakacheka kimyakimya. Ni kweli mkewe Kiranja, daktari wa meno, alikuwa upande wa mpiga upanga tangu juzuu ya pili, na katika nyumba ile jambo hilo lilikwisha kujadiliwa kuliko siasa. "Anasema anachotaka," ndiyo hoja yake. "Mgonjwa anayeniambia jino gani linamuuma namtibu upesi. Huyo tarishi wako angefia kwenye kiti, mdomo kaufunga."

"Mimi nilikuandikia barua miaka minne, mama."

"Barua za hali ya hewa. Ningekungoja useme, baba, leo ningekuwa mseja. Nani alikwenda kwa nani?"

Kiranja, ambaye ndiye aliyefuatwa, aliinuka akaenda kufunga dirisha.

Alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Kila sehemu aliitazama mara tatu kabla ya kuandika neno: mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu kalamu mkononi, akipima kila sentensi iingie katika muda wa mdomo unaofunguka na kufunga. Mara ya kwanza mkewe huketi naye mezani, akimenya machungwa. Lakini ilipofika sehemu ya tisa, baada ya msichana kuzimia, Kiranja aliifunika kompyuta.

"Hatutazami?" aliuliza mkewe.

"Skripti ya Kijapani ninayo, na muda wa kila sentensi umeandikwa. Kile kichwa cha skafu nyekundu nimekiona vya kutosha."

Akaandika sehemu ya tisa kutoka kwenye karatasi. Alipofika kati akakuta daraja, mvua, na zile sentensi nne, neno kwa neno kama zilivyo katika juzuu ya saba. Moyo wake ukatulia. Angalau hapa, alijiambia, wameogopa kugusa. Akashusha juzuu ya saba kutoka rafuni, akanakili tafsiri yake mwenyewe kwa mwandiko wa kujivunia, na pembeni mwake, katika safu ya msemaji, akaandika *Tarishi*.

Studio ile ilirekodi kila mwigizaji peke yake. Mwigizaji huingia katika kile chumba kidogo chenye kuta za sifongo, akavaa hedifoni, akasoma mistari yake, akatoka. Anayemjibu anaweza kuwa atakuja kesho. Binti wa Kiranja alisoma jibu lake la darajani siku ya Jumanne. Mwigizaji wa tarishi, mwalimu wa hesabu mwenye sauti nzito na taratibu, alisoma zile sentensi nne siku ya Alhamisi, na fundi mitambo akazipachika mahali pake. Fundi mitambo alitazama skrini, akakuna kichwa, akaitazama skripti, akaona mwandiko wa Kiranja. Akanyamaza.

Jumamosi asubuhi, sehemu ya tisa ilionyeshwa katika ukumbi wa maktaba mbele ya wasomaji mia moja na ishirini wa manga ile, waliokuwa wamealikwa wapime kazi. Kiranja aliketi safu ya mbele, shati jeupe, mikono magotini. Daraja likatokea. Mvua ikanyesha. Mwanamume akasimama akiwapa watazamaji mgongo, mwavuli umemfunika mabega, na chini ya mwavuli ikaning'inia skafu nyekundu.

Skafu ile ikasema, kwa sauti ya tarishi, "Kila siku nimefika mlangoni kwako na sababu mkononi. Leo sina sababu. Nimekuja mwenyewe tu. Ukinifukuza leo, utakuwa umenifukuza mimi."

Halafu mtu mmoja wa nyuma akapiga makofi, wakafuata kumi, kisha ukumbi mzima ukasimama.

Kiranja alihitaji muda kuelewa kilichotokea. Watengenezaji wa anime hawakuwa wameogopa kugusa. Waliyachukua maneno ya tarishi yote, bila kupunguza hata moja, wakampa mpiga upanga. Naye, kwa kuyatambua maneno, alidhani amemtambua msemaji. Uso ulikuwa umefichwa na mwavuli, kwa hiyo hakuna mdomo uliomsuta.

Lakini ukumbi ulielewa vingine. Nje, kwenye ngazi, walimzunguka. Msichana mmoja mwenye miwani alimshika mkono kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mwalimu. Wametuibia tarishi, wewe umeturudishia sauti yake. Umewagomea waziwazi." Mwingine alisema hajawahi kuona msimamo wa namna ile. Mwigizaji wa mpiga upanga, aliyekuwa amenyang'anywa mistari minne bila kujua, alimpigia saluti kwa mbali. Kisha binti yake akaja, macho yakimng'aa, akamwegemea begani hadharani, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa darasa la nne.

"Baba," alisema, "miaka yote hii nilidhani wewe unafuata sheria tu. Kumbe."

Kiranja alifungua kinywa aseme. Akakifunga. Makofi yalikuwa matamu, na bega lake lilikuwa na joto.

Msimamizi wa studio alikuja wa mwisho. "Jumatatu saa tatu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Wote. Kama ni mgomo, Kiranja, unajua nitakachofanya. Sehemu tatu zilizobaki ataandika mtu mwingine. Wenye filamu yao wametukabidhi kwa masharti. Ila nataka nikusikie mwenyewe."

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Kiranja aliketi mezani kwake akaandika barua ya kujiuzulu. Haki isemwe: ilikuwa barua nzuri. Ilizungumza juu ya heshima ya maandishi ya asili, juu ya mhusika kuwa amana, juu ya mtu mzima kujua wakati wa kusema hapana. Hakukuwa na sentensi moja ndani yake inayosema kwamba alifanya makusudi. Hakukuwa na haja. Angeipeleka, wangemwondoa, na angeondoka akiwa mtu aliyefukuzwa kwa msimamo wake. Njia ya pili ilikuwa kubaki na kazi na kujulikana kama mtu aliyeandika bila kutazama. Kwa mtu mwingine uchaguzi ungekuwa rahisi. Kiranja alikuwa amewasimamisha watu wazima koridoni kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mkewe aliingia na bakuli la machungwa, akaisoma barua akiwa amesimama, hadi mwisho.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

"Ahsante."

"Hujaitia sahihi."

"Wino unakauka."

Mkewe akaketi, akaanza kumenya. Alikuwa na mikono ya kazi yake, isiyotetemeka, na ganda lilitoka kipande kimoja kirefu. "Sehemu ya tisa hukuitazama, baba. Mimi nilikuwa hapa, na machungwa yangu. Uliifunika kompyuta."

Kiranja aliinyoosha barua juu ya meza.

"Sikulaumu. Mimi pia nimewahi kung'oa jino zima nikaacha bovu. Mara moja, mwaka wangu wa kwanza. Yule mgonjwa alinishukuru, maana alikuwa bado na ganzi. Nilikaa na shukrani yake mpaka jioni, nikashindwa kula. Ikabidi nimfuate kwao."

"Hukuwahi kuniambia hilo."

"Hukuwahi kuuliza. Wewe ulikuwa mtu wa kutokosea, ningeanzia wapi?" Akamsogezea nusu ya chungwa. "Mtoto amepiga simu kwa marafiki zake wote tangu jana. Anakusifu mpaka naona aibu kwa niaba yako."

Hilo ndilo lililomchoma. Angeweza kuvumilia kudanganya studio, walau kwa wiki moja. Watu wa studio walikuwa watu wazima, na baadhi yao walichelewa kazini. Lakini binti yake alikuwa amempenda jana kwa jambo ambalo halikuwapo. Kila akimwegemea tangu sasa, angekuwa anamwegemea mtu mwingine. Akaichukua kalamu, akaitazama nafasi ya sahihi, akaifunika kalamu kwa kifuniko chake. Barua akaikunja mara nne.

Jumatatu saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa amekwisha kuketi. Waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja alimwinamia kichwa kwa heshima mpya isiyostahili. Binti yake aliketi mkabala naye. Msimamizi hakuwa na maneno ya kufungulia kikao.

"Haya, Kiranja."

Alisimama. Alisimama wima kama alivyofundishwa kusimama mbele ya mkuu wa shule, kwa sababu hakujua namna nyingine. "Sikugoma," alisema. "Nilikosea."

Fundi mitambo akatabasamu. "Kiranja, unamkinga nani? Sisi wote tuko na wewe."

"Simkingi mtu. Sehemu ya nane ilinikasirisha, nikaapa sitamwangalia tena mpiga upanga. Sehemu ya tisa niliiandika kutoka kwenye karatasi. Nilipoyakuta maneno ya juzuu ya saba nikanakili kitabu changu, na jina la msemaji nikalinakili vilevile."

"Hukuitazama picha?" aliuliza msimamizi.

"Sikuitazama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Kiranja aliwahi kuhutubia katika chumba hichohicho, kwa dakika ishirini na tano, juu ya mtu aliyeandika mistari miwili bila kutazama mdomo. Mtu huyo alikuwapo, akitazama kucha zake kwa adabu kubwa.

"Basi na mimi niseme," fundi mitambo akakohoa. "Mimi niliona. Siku naipachika, niliona skafu, nikasikia tarishi. Nikataka kuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?" Kiranja alisema, na ukali wa kawaida ukamrudia kabla hajauzuia.

"Mara ya mwisho nilikuuliza kuhusu nukta moja. Moja tu. Nilitoka ofisini kwako saa saba na robo, sijala, na nukta imebaki palepale."

Mtu akacheka, kisha wawili, kisha mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya tarishi akacheka kwa besi iliyotikisa glasi za maji. Kiranja alihisi masikio yake yakiwaka. Akangoja wamalize. "Ulikuwa na haki ya kuuliza," alimwambia fundi mitambo. "Na mimi sikuwa na haki ya kukunyima chakula."

Msimamizi alikuwa akimtazama kwa namna isiyofahamika. "Unajua, ningefurahi zaidi kama ungekuwa umegoma," alisema. "Mgomo nina dawa yake. Sasa inabidi niendelee kufanya kazi na wewe." Akasukuma mbele yake karatasi za sehemu ya tisa. "Daraja liandikwe upya leo. Kesho tunarekodi. Na uitazame."

Walipokuwa wakitoka, binti yake alimngoja koridoni. Hakumwegemea.

"Nimewaambia watu ishirini na sita," alisema.

"Waambie tena."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba baba yako alikasirika akafanya kazi ovyo."

Binti alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma mstari mara ya pili kabla ya kuusema. Kona ya mdomo wake ikaanza kumshinda. "Hiyo hawataiamini," alisema. "Baba yangu, ovyo. Nitahitaji ushahidi." Akaenda zake akicheka, na kicheko kile Kiranja alikibeba hadi kwenye chumba cha kutazamia.

Aliitazama sehemu ya tisa mara tatu, fundi mitambo akiwa kando yake kwenye mitambo. Mara ya kwanza, bila sauti, aliitazama kama mtu anywaye dawa. Mara ya pili alisogeza kiti mbele.

"Rudisha kidogo," alisema. "Hapo. Mkono wake."

"Unatetemeka," alisema fundi mitambo. "Mwavuli mzima unatetemeka. Nilidhani ni upepo."

"Si upepo. Mvua inaanguka wima. Na mguu. Amepiga hatua mbele, akairudisha."

Kitabuni hayo hayakuwapo. Tarishi wa juzuu ya saba alisimama kama nguzo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa miaka mitatu. Lakini huyu wa skafu nyekundu, aliyezungumza njia nzima akiwa na bibi mgongoni, alikuwa amefika juu ya daraja na maneno yake yote yamemkimbia. Wachoraji wa anime walilijua hilo. Waliyachukua maneno ya mtu mtulivu wakayatia katika mwili wa mtu aliyejaa hofu. Na Kiswahili cha Kiranja, kile cha siku kumi na moja, hakikuwa na hofu hata kidogo. Hata kama kingesomwa na mwigizaji aliyestahili, kingekuwa nguo ya kuazima.

Saa sita mchana alimpigia simu mkewe kliniki.

"Una mgonjwa?"

"Anasukutua. Sema."

"Yule mtu wako. Kama angetaka kusema jambo moja la kweli maishani mwake, angesemaje?"

"Vibaya," alijibu daktari wa meno bila kufikiri. "Angeanza, akosee, aanze tena. Watu wa maneno mengi ndivyo walivyo. Wakifika kwenye lile la kweli hawana mazoezi nalo." Akasikika akimwambia mtu ateme. "Kwani umeamua kuhamia upande wangu?"

"Sijahamia. Nafanya kazi."

Aliandika mchana kutwa. Hakuongeza jambo ambalo Mjapani hakulisema, kwa kuwa mpaka huo hakuwa tayari kuuvuka kwa ajili ya mtu yeyote. Maana zilibaki nne zilezile. Lakini alizivunja. Alikata sentensi katikati, akarudia neno ambalo katika kitabu angelifuta kwa wino mwekundu, akaacha pumzi mahali pa nukta. Ilimuuma kidogo kuandika vibaya kwa makusudi. Kufika saa kumi haikumuuma tena. Alipomaliza, alimwita fundi mitambo, akampa karatasi, akamwambia, "Kama una swali, uliza." Fundi mitambo akauliza maswali manne. La tatu lilikuwa zuri, na Kiranja akabadilisha neno.

Jumanne aliomba jambo ambalo studio haikuwa na mazoea nalo: waigizaji wawili wa darajani warekodi pamoja. Chumba kile kilijengwa kwa mtu mmoja, hivyo mwigizaji wa mpiga upanga na binti wa Kiranja walisimama bega kwa bega, maikrofoni moja kati yao, wakijitahidi wasikanyagane. Kiranja aliketi upande wa pili wa kioo. Msimamizi alisimama nyuma yake.

Mvua ikaanza kwenye skrini. Mwigizaji wa mpiga upanga akameza mate. Halikuwa katika skripti, na hakuna aliyemkatiza.

"Kila siku nimekuja na... ngoja. Kila siku nilikuja hapo mlangoni kwako na sababu. Leo sina. Sina, nimesema. Nimekuja tu, basi. Ukinifukuza leo... utakuwa umenifukuza mimi."

Jibu la msichana lilikuwa lilelile la kitabuni. Wiki iliyopita, peke yake katika chumba, binti alikuwa amelisoma kwa upole, kama mtu anayepokea barua aliyoisubiri. Sasa alimtazama mtu aliyekuwa akitetemeka sentimita ishirini kutoka kwenye bega lake, na sauti yake ikatoka kavu kidogo, ya mtu anayezuia kicheko asimwaibishe mwenzake, sauti ya yule msichana aliyemtoa mteja kwa kijiti cha mwavuli.

"Nimekusikia. Sogea huku, unalowa."

Fundi mitambo akainua dole gumba. Kiranja alivua hedifoni taratibu. Tangu sehemu ya tatu alikuwa akilalamika kwamba wameua ukali wa msichana yule, na kumbe msichana alikuwa akingoja tu mtu wa kujibizana naye.

"Umewakubali sasa?" aliuliza msimamizi. "Yeye na mpiga upanga?"

"Hapana," alisema Kiranja. "Mume wake ni tarishi. Lakini huyu naye nimemtendea haki."

Sehemu ya tisa ilipoonyeshwa tena maktabani, Kiranja alisimama mbele ya wasomaji kabla taa hazijazimwa, akawaeleza kosa lake kwa dakika mbili, bila pambo. Wengi walimpigia makofi, hafifu kuliko yale ya kwanza. Wachache walitikisa vichwa, na wapo ambao mpaka leo wanashikilia kwamba alilazimishwa kusema alikosea. Hao amemwachia Mungu. Lilipofika daraja, hakuna aliyesimama. Katika safu ya tatu yule msichana wa miwani, mtetezi mkubwa wa tarishi, alionekana akivua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mkewe aliyekuwa kando yake alimgusa kwa kiwiko. "Unaona?" alinong'ona. "Na mtu wangu amesema kwa siku moja, bila barua za miaka minne."

"Juzuu ya kumi na nne, ukurasa wa mia na nne," Kiranja alinong'ona naye. "Harusi. Kasome."

"Hicho ni kitabu, baba."

"Na mimi tangu mwanzo nazungumzia kitabu."

Mstari wa nyuma yao binti yao aliinama katikati ya vichwa vyao viwili, akawaambia kwamba kuna watu wanaojaribu kusikiliza, na kwamba mmoja wao ni yeye mwenyewe.